Kufunga Miguu Ili Ipate Nguvu: Jambo Hili Lilianzia Wapi?

 

Mama mmoja alinijia kliniki akiwa na wasiwasi. Kijana wake anajifunza karate, na jioni alikuwa akijifunga mapaja kwa tyubu kuukuu ya baiskeli, kisha anachuchumaa na kuinuka mpaka miguu inabadilika rangi. Alipomkemea, kijana akamjibu kwamba hivyo ndivyo Wajapani wanavyopata nguvu za kupiga teke. Mama akaniuliza, "Sista, ni kweli au ananidanganya?"

Ni kweli kiasi. Sikilizeni habari yenyewe.

Mwaka wa 1966, huko Japani, kijana wa miaka 18 aitwaye Yoshiaki Sato alihudhuria ibada ya kumkumbuka marehemu. Katika ibada kama hizo watu hupiga magoti na kukalia visigino. Wachezaji wa judo nao hukaa hivyo wanaposalimiana. Sato alikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Alipoikanda, akahisi mashavu ya miguu yamejaa na kukaza, sawa na siku anapotoka kuinua vyuma. Akawaza: kama damu ikizuiwa kidogo, je, misuli itafanya kazi kubwa kwa mzigo mdogo?

Akaanza kujijaribu mwenyewe kwa kamba na tyubu za baiskeli. Naam, tyubu zile zile. Mwaka wa 1967 alikaza kupita kiasi, bonge la damu likaziba mshipa wa mapafu, nusura afe. Sehemu hii ndiyo ambayo vijana wetu hawasimuliwi.

Hata hivyo hakuacha. Mwaka wa 1973 aliumia akiteleza kwenye theluji, akavunjika kifundo cha mguu na kuumiza kano za goti. Alifungwa plasta. Sote tumeona mguu unapotolewa plasta: umekonda kama fimbo. Sato alijifunga mkanda juu ya paja, akawa anaukaza na kuulegeza mara kadhaa kwa siku, na misuli yake haikukonda kama ilivyotarajiwa. Njia hiyo akaiita kaatsu, maana yake kuongeza mgandamizo.

Inafanyaje kazi? Mishipa inayopeleka damu mguuni iko ndani na ina kuta nene. Ile inayorudisha damu moyoni ina kuta laini. Mkanda ukikazwa kwa kipimo, damu inaendelea kuingia, lakini kutoka inachelewa. Hewa safi inapungua kwenye misuli, nayo inachoka upesi na kulazimika kuziamsha nyuzi zake zenye nguvu, ingawa mzigo ni mwepesi. Mkanda wenyewe unafanana na ule wa kupimia presha mnaoujua kliniki. Hujazwa upepo, nao una kipimo.

Wanasayansi wa Japani walipochunguza, waliochaguliwa si wapiganaji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2000 walikuwa akina mama wa umri wa karibu miaka 58, waliofanya mazoezi ya mikono kwa wiki 16, na misuli ikaongezeka. Mwaka wa 2002 ikawa zamu ya miguu ya wachezaji wa raga. Siku hizi njia hii hutumiwa na wataalamu wa mazoezi ya viungo kwa watu waliopasuliwa goti, ambao hawawezi kubeba uzito, wakiwemo wanamichezo wa judo na taekwondo. Lakini kwa mchezaji mzima wa afya, vyuma vizito bado vinashinda katika kuongeza nguvu.

Madhara nayo yamehesabiwa. Ripoti ya Japani ya mwaka wa 2006 ilihusu watu 12,642. Zaidi ya mmoja katika kila kumi alivia damu chini ya ngozi. Saba waliganda damu kwenye mishipa, na mmoja bonge likafika mapafuni. Hao walisimamiwa na watu waliofundishwa. Tyubu haina kipimo wala msimamizi.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia aifungue. Asiyefaa kabisa kujaribu hata kwa mkanda, bila daktari kukubali, ni mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, mwenye selimundu, mwenye presha, au aliyewahi kuganda damu. (Na kwa kuwa tunazungumzia kamba: aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba mguuni. Mkimbizeni hospitali.)

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu baada ya mazoezi, mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo. Akibanwa na kifua au akikosa pumzi, msingoje hata dakika moja.