Mabruki: Baraka ya Nani?

Babu yangu mzaa mama, mwenyeji wa Ujiji, aliitwa Mabruki. Alipozaliwa kitindamimba wetu, mama alitaka kumrithisha mtoto jina hilo. Mjomba akakataa katakata. "Hilo ni jina la utumwani," alisema, na shauri likaishia hapo.

Kwa asili, jina hili ni la Kiarabu. Limetokana na mzizi b-r-k, uliotupatia pia baraka, kubariki na kutabaruku. Mabruk na Mubarak yote mawili humtaja aliyebarikiwa. Kiswahili kiliyapokea kwa taratibu zake: Mabruk likapewa irabu ya mwisho, likawa Mabruki, Mubarak likawa Mbaraka au Mbaruku, na ile mu- yake ikasikika kama kiambishi chetu cha ngeli ya mtu na watu. Ndiyo maana jina la Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, halina ugeni masikioni mwetu.

Februari 1858, Burton na Speke walipofika Ujiji, msafara wao ulikuwa na Mabruki mmoja na Sidi Mubarak Bombay. Huyu Bombay alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa huko. Bombay ni mji. Mubarak ni Kiarabu. Jina aliloitwa na mamaye halimo hata katika moja ya hayo matatu. Alirudi Ujiji na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron mwaka 1874.

Basi mjomba hakukosea kabisa. Mabwana walipenda kuwapa watumwa majina ya heri, na heri iliyotajwa ilikuwa ya bwana: yeye ndiye aliyejiona kabarikiwa kwa kumpata mtumwa.

Hata hivyo, mzizi huohuo uliwapa majina waungwana. Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, hakuwa mtumwa wa mtu. Aibu, basi, haimo katika neno. Imo katika mkono uliolitoa.

Na babu? Jina hilo alipewa na baba yake, si na bwana. Baraka iliyokusudiwa ilikuwa ya mtoto mwenyewe.

Sasa dada yangu amepata mjukuu wa kiume. Nimependekeza Mabruki. Mjomba hayupo tena wa kupinga, lakini dada bado anasita. Nimeandika haya ili ayasome kabla mtoto hajapewa jina.