Mwagizaji wa Uchapaji

Katika ofisi nyingi za mashirika mjini Bunia, mkoani Ituri, Kongo, yuko mtu mwenye proforma tatu za bei mkononi na karatasi ya sampuli mezani inayosubiri saini yake. Mkataba wake unamwita lojistisia, au msaidizi wa manunuzi. Wiki hii ananunua mafuta ya jenereta, wiki ijayo maturubai, na hapo katikati anatakiwa apate mabango 5,000 ya afya, ya rangi nne, kabla ya Jumatatu. Kiingereza kina jina la kazi hiyo ya katikati: “print buyer”. Sisi hatuna, na naamini kukosa jina kunampunguzia mshahara.

Tafsiri inayokuja mdomoni kwanza ni “mnunuzi wa chapa”. Naikataa. Chapa ni alama, ya ng’ombe au ya bidhaa. “Mnunuzi wa uchapishaji” nayo inapotosha, kwa kuwa uchapishaji siku hizi ni kazi ya kutoa vitabu na magazeti. Kazi ya mashine, wino na karatasi ni uchapaji. Nasikitika kidogo hapa, maana kisarufi mchapishaji ndiye hasa tunayemtafuta: anayesababisha kitu kichapwe bila kugusa mashine. Lakini neno hilo lina mwenyewe tayari.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye “mnunuzi”. Mnunuzi huenda sokoni, akaiminya nyanya, akalipa. Bango halipo siku linapokubaliwa bei. Kinachonunuliwa ni ahadi. Kitenzi chake ni kuagiza, na Bunia wanasema kukomanda. Basi napendekeza mwagizaji wa uchapaji. Najua kwamba Dar es Salaam mwagizaji ni pia yule anayeleta mali kutoka nje. Kwa Bunia maana hiyo haiharibu kitu: kazi ikipelekwa Kampala, kwenye mtaa wa wachapaji wa Nasser Road, inaweza kurudi kwa mpaka wa Goli na Mahagi, kisha kwa barabara ya taifa namba 27, ambayo mashambulio ya wenye silaha yameikata mara nyingi. Siku za njiani nazo ni sehemu ya hesabu yake.

Hesabu yenyewe ina siri zake. Ofset ya rangi nne inadai sahani nne, moja kwa kila rangi: bluu, waridi, njano na nyeusi. Gharama ya sahani ni ileile kwa nakala 100 na kwa nakala 10,000, kwa hiyo nakala chache huwa ghali na nyingi hushuka bei. Mashine ya dijitali haina sahani, na bei ya nakala moja haishuki sana. Asiyejua hayo hupokea proforma tatu zisizolingana, mchapaji mmoja kapiga hesabu ya ofset kwa karatasi ya gramu 150, mwingine dijitali kwa gramu 80, na kamati inachukua ya bei ya chini. Gramu 80 ni karatasi ya fotokopi. Ukutani mwa kituo cha afya, wakati wa mvua, inajikunja, kisha inachanika.

Halafu kuna maneno yenyewe ya bango. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini, ikaenea Ituri na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ilishika watu 3,470 na kuua 2,287. Wakati ule shirika la Translators without Borders lilionyesha kwamba watu wengi hawakuelewa vizuri ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa au Kiswahili sanifu, kwani Kiswahili wanachozungumza ni cha Kongo. Anayesaini sampuli ndiye msomaji wa mwisho kabla ya mashine. “Papa, simamisha kwanza, hii neno haiko vile tuliandika.” Sentensi hiyo, ikisemwa kwa wakati, inaokoa mabango yote 5,000.

Na malipo? Mashirika hulipa kwa ngazi, mara nyingi kwa dola, na ngazi hufuata cheo kilichoandikwa. Hata amri ya serikali ya Kongo ya Mei 2018, iliyoweka kima cha chini cha faranga 7,075 kwa siku, ilianzia kwa kibarua wa kawaida ikapanda daraja kwa daraja. Aliyeandikwa msaidizi atalipwa kama msaidizi, wakati mchapaji anamnong’oneza habari za “opération retour”, ile asilimia inayorudi chini ya meza. Mtu mwenye cheo chake na mshahara wa haki ana la kulinda anapokataa.

Ninyi mnaoandika matangazo ya kazi Bunia, andikeni mwagizaji wa uchapaji. Chini yake takeni ajue karatasi, ajue sahani, na asome Kiswahili cha Ituri kwa sauti kabla ya kusaini.