Nyumba ya nyasi iliyodumu kwa zaidi ya miaka 500

NYUMBA ya miti, udongo na nyasi huhesabiwa na wengi kuwa makao ya muda, ya kukaliwa hadi mwenyewe apate pesa za mawe na mabati. Lakini katika kijiji cha Shottery, karibu na mji wa Stratford-upon-Avon nchini Uingereza, ingaliko nyumba ya aina hiyo iliyojengwa katika karne ya 15.

Humo ndimo alimokulia Anne Hathaway, aliyeolewa na mwandishi William Shakespeare mnamo Novemba 1582, bwana harusi akiwa na umri wa miaka 18 na bibi harusi miaka 26. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, ikiwemo ‘Mabepari wa Venisi’ ya mwaka 1969.

Ingawa imezoeleka kuitwa kibanda, hayo yalikuwa makao ya wakulima waliojiweza, wenye shamba la zaidi ya ekari 90 lililoitwa Hewlands.

Siri ya uimara wake ni kiunzi. Katika sehemu ya kale kabisa, mafundi walitumia jozi za magogo ya mwaloni yaliyopinda kiasili. Kwa kawaida gogo moja hupasuliwa katikati, kisha nusu zake mbili husimamishwa zikitazamana, zikainuka kutoka chini na kukutana kwenye mgongo wa paa. Uzito wa paa hubebwa na magogo hayo, si kuta.

Mwaloni huo ulichongwa ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi. Maungio yake ni ya ulimi na tundu, yakikazwa kwa vigingi vya mbao badala ya misumari. Kadiri mbao zinavyokauka ndivyo zinavyojipinda na kubana maungio. Ndiyo maana nyumba nyingi za aina hii huonekana zimeinama, ilhali ni thabiti.

Kwa vile kuta hazibebi paa, zilihitaji tu kuziba mapengo ya kiunzi. Katika ujenzi huo, fito husukwa baina ya nguzo, kisha hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, na mwishowe hupakwa chokaa. Fundi wa Kilifi au Lamu angeitambua kazi hiyo bila mkalimani. Ukuta ukibomoka, hukandikwa upya na nyumba isitikisike.

Paa nalo ni la nyasi nene, lenye mwinamo mkali. Mwinamo huo huyafanya maji ya mvua yateleze haraka, hivyo huloa tabaka la juu tu. Kingo zake hutokeza mbele ili matone yaanguke mbali na udongo wa kuta. Unene wake huhifadhi joto wakati wa baridi na kuleta ubaridi wakati wa kiangazi.

Nyumba hiyo haikubaki kama ilivyoanza. Hapo awali moto ulikokwa katika ukumbi uliokuwa wazi hadi darini, moshi ukijitafutia njia. Baadaye dohani ilijengwa na ghorofa ikaongezwa. Richard Hathaway, babake Anne, alifariki mwaka 1581. Mwanawe Bartholomew alinunua umiliki kamili wa mali hiyo mwaka 1610 na kuipanua nyumba, ambayo leo ina vyumba 12.

Wazawa wa ukoo huo waliishi humo kwa vizazi vingi. Mwaka 1892 nyumba ilinunuliwa na shirika linalohifadhi makao ya Shakespeare na jamaa zake. Mwaka 1969 moto, adui mkubwa wa paa la nyasi, uliiharibu vibaya, lakini mafundi wakaikarabati na kuirejesha.

Hivyo basi, si kwamba nyasi na udongo vyenyewe vimeishi karne tano. Paa la nyasi huezekwa upya baada ya miongo michache, na mgongo wake hutengenezwa mapema zaidi. Kilichodumu ni kiunzi, pamoja na ujuzi wa kukitunza. Siku watakapokosekana wanaojua kuezeka, mvua itapenya na hata mwaloni utaoza. Asiyeziba ufa, walisema wahenga, atajenga ukuta.