Jinsi tovuti zinazouza viungo zinavyoadhibiwa na mitambo ya utafutaji

SIKU chache baada ya Sikukuu ya Wapendanao mnamo Februari 2013, kampuni ya kuuza maua ya Interflora nchini Uingereza ilitoweka katika mtambo wa utafutaji wa Google. Hata mtu aliyeandika jina lenyewe la Interflora hakuletewa tovuti ya kampuni hiyo.

Wakati uo huo, magazeti mengi ya mikoani nchini humo yaligundua kwamba alama ambazo Google huzipa tovuti zao zimeporomoka. Magazeti hayo yalikuwa yamechapisha makala za kulipiwa kuhusu maua, na ndani yake mlikuwa na viungo vilivyoelekea kwenye tovuti ya muuzaji.

Google haikuitaja kampuni hiyo kwa jina. Hata hivyo, Matt Cutts, aliyekuwa mkuu wa kitengo chake cha kupambana na hila za mtandaoni, alitoa ukumbusho hadharani Februari 22 kwamba kuuza viungo vinavyopandisha cheo cha tovuti nyingine ni kukiuka kanuni. Interflora ilirejeshwa baada ya siku 11, kwa bahati kabla ya Sikukuu ya Akina Mama ya Uingereza. Magazeti nayo yalibaki na funzo: anayeuza huadhibiwa sawa na anayenunua.

Kiungo kama kura

Kiungo ni neno au picha ambayo msomaji akiibofya hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Ili kufahamu ni kwa nini kitu kidogo namna hii kinauzwa na kugombaniwa, ni sharti turejee Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya tisini.

Mitambo mingi ya wakati huo ilipanga kurasa hasa kwa kutazama maneno yaliyomo. Aliyetaka kuonekana kwanza alirudiarudia neno moja mara mia, na mtambo ukahadaika. Wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, waliiga desturi ya wanazuoni. Katika taaluma, andiko linalotajwa na wasomi wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Vivyo hivyo, ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi ulihesabiwa kuwa bora.

Kiungo basi kikawa kura. Lakini kura hizo hazikulingana: ya ukurasa ambao wenyewe umepigiwa kura nyingi ilikuwa nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana. Hesabu hiyo iliitwa PageRank, na mnamo 1998 wawili hao wakaasisi kampuni ya Google.

Penye kura hapakosi wa kuzinunua. Mnamo 2000 Google ilianza kuwaonyesha watu alama ya kila ukurasa, kuanzia 0 hadi 10, kupitia programu ndogo iliyowekwa katika tarakilishi. Alama hiyo ikageuka bei. Mwenye tovuti ya alama 7 au 8 alijua kwamba kiungo kimoja kutoka kwake kina thamani, na wateja wakabisha hodi. Onyesho hilo la alama liliondolewa mnamo 2016, lakini soko lilikuwa limekwisha kukita mizizi.

Kesi ya Oklahoma

Mgogoro wa kwanza uliofika mahakamani ulihusu kampuni ya SearchKing ya jimbo la Oklahoma. Mnamo Agosti 2002, SearchKing ilianzisha mpango wa kuwatafutia wateja nafasi za viungo katika tovuti za watu wengine, ambapo bei ilitegemea alama ya PageRank ya tovuti husika. Muda mfupi baadaye, alama ya SearchKing yenyewe ilishuka kutoka 8 hadi 4.

Kampuni hiyo ilishtaki Oktoba 2002, ikidai kwamba Google imeiharibia biashara kwa makusudi. Mnamo Mei 2003, mahakama ya shirikisho ilitupilia mbali madai hayo. Jaji alikubali kwamba alama zilishushwa kwa kusudi, lakini akaamua kuwa cheo ambacho Google huipa tovuti ni maoni tu, na maoni hulindwa na kipengele cha Katiba ya Marekani kinachotetea uhuru wa kusema.

Uamuzi huo ulikuwa wa mahakama ya ngazi ya kwanza, lakini ulionyesha mwelekeo. Mwenye mtambo angeweza kumshusha amtakaye, na aliyeshushwa angepata taabu kudai fidia.

Alama ya 'usifuate'

Google haikutaka kuua matangazo, kwani yenyewe huishi kwa matangazo. Mnamo Januari 2005, kwa kuungwa mkono na Yahoo na Microsoft, ilitangaza alama iitwayo 'nofollow', yaani usifuate, ambayo mwenye tovuti huipachika ndani ya kiungo. Msomaji haioni, bali mtambo huiona na kuelewa kwamba kiungo hicho si kura. Hapo awali alama hiyo ilikusudiwa kuzuia walaghai waliojaza viungo katika maoni ya wasomaji. Baadaye ikawa pia ndiyo njia halali ya kuweka kiungo kilicholipiwa.

Septemba 2019 iliongezwa alama nyingine, 'sponsored', inayotambulisha waziwazi kiungo cha tangazo. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kuuza tangazo si kosa, kosa ni kuuza kura. Mwenye duka anayelipia nafasi ili wasomaji wamwone amenunua tangazo. Anayelipia kiungo kisicho na alama, ili mtambo udhani kwamba gazeti linampendekeza kwa hiari, amenunua ushahidi wa uongo.

Mnamo 2007 mkono wa sheria ulikaza. Aprili mwaka huo Google iliwaomba watu waripoti viungo vya kununuliwa. Kufikia Oktoba, alama za tovuti kadhaa mashuhuri zilikuwa zimeshuka. Miongoni mwao lilikuwamo gazeti la wanafunzi wa Stanford, chuo kile kile ilikozaliwa Google, ambalo alama yake ilitoka 9 ikawa 7.

Duka lililoporomoka

Kisa kilichovuma zaidi upande wa wanunuzi ni cha JC Penney, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani. Mnamo Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kwa miezi kadhaa duka hilo lilikuwa likiongoza katika Google kwa maneno kama nguo, matandiko na mazulia. Uchunguzi uligundua maelfu ya viungo vilivyopachikwa katika tovuti zisizohusiana kamwe na mavazi.

Adhabu ilikuwa ya ghafla. Katika utafutaji wa mabegi ya safari ya aina moja, JC Penney ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa muda wa saa chache. Kampuni ilikana kuidhinisha viungo hivyo na ikaifuta kazi kampuni iliyokuwa ikiishauri. Ilikaa katika adhabu hiyo takriban miezi mitatu.

Mwezi huo huo duka la mtandaoni la Overstock nalo liliadhibiwa. Hilo halikulipa fedha taslimu, bali liliwapa wanafunzi na wahadhiri punguzo la bei ili tovuti za vyuo vyao zielekeze viungo kwake. Funzo ni kwamba malipo si lazima yawe pesa. Zawadi, punguzo au bidhaa ya bure huhesabiwa vilevile.

Mkuki kwa nguruwe

Google yenyewe haikusalimika. Mnamo Februari 2009 ilibainika kwamba tawi lake la Japani lilikuwa limewalipa waandishi wa mtandaoni waisifu huduma yake. Makao makuu yaliishusha alama ya Google Japani kutoka 9 hadi 5. Januari 2012 kampeni ya kutangaza kivinjari cha Chrome ilizaa makala za kulipiwa, mojawapo ikiwa na kiungo kisicho na alama. Ukurasa wa Chrome ukashushwa kwa siku 60.

Google si peke yake katika vita hivi. Nchini Urusi, ambako biashara ya viungo ilishamiri mno, mtambo wa Yandex uliacha kwa muda kutumia viungo katika kupanga majibu ya baadhi ya utafutaji wa kibiashara jijini Moscow mnamo 2014. Mwaka uliofuata ulianza kuwaadhibu waliozidisha kununua.

Namna tatu za adhabu

Adhabu ya kwanza ni ya kimyakimya. Mtambo unapoamini kwamba tovuti fulani inauza viungo, huacha kuzihesabu kura zake. Tovuti huendelea kusomwa kama kawaida, lakini viungo vyake vyote, hata vya haki, havina uzito tena. Mnunuzi amepoteza fedha zake, na muuzaji anauza ghala tupu bila kujua.

Ya pili hutolewa na watu. Mtumishi wa Google hukagua tovuti, kisha mwenyewe hupokea taarifa katika huduma ya Search Console kwamba viungo visivyo vya kawaida vinatoka katika tovuti yake. Mnunuzi hupokea taarifa kama hiyo kwamba vinaingia kwake. Adhabu yaweza kugusa kurasa chache au tovuti nzima, na iliyo nzito kabisa ni kufutwa katika orodha ya mtambo.

Ya tatu hutokana na programu yenyewe. Aprili 24, 2012, Google ilizindua mfumo uitwao Penguin, uliogusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tovuti nyingi zilizojengwa juu ya viungo vya kununua ziliporomoka, na baadhi zikasubiri zaidi ya mwaka mmoja mfumo huo ufanyiwe marekebisho ndipo zipate nafuu. Tangu Septemba 2016 Penguin hufanya kazi mfululizo, na badala ya kuishusha tovuti nzima, zaidi huvipuuza viungo vyenyewe. Desemba 2022 Google ilianza kutumia mfumo wake wa akili bandia, SpamBrain, kubatilisha viungo vya hila, vikiwemo vya tovuti zilizoundwa kwa ajili ya kuviuza.

Dalili zinazotazamwa hazina siri kubwa. Makala ya upishi inayoelekeza kwa kampuni ya mikopo hutiliwa shaka. Maneno yale yale ya kibiashara yanayojirudia katika tovuti mia moja hutiliwa shaka. Vivyo hivyo rundo la viungo chini kabisa ya ukurasa, mahali asipofika msomaji. Tena washindani huripotiana.

Kutoka katika adhabu

Muuzaji aliyepokea taarifa hutakiwa aviondoe viungo vya kulipiwa au avitie alama, kisha apeleke ombi la kuangaliwa upya, akieleza alichokosea na alichorekebisha. Kuficha baadhi huchelewesha msamaha. Kwa mnunuzi asiyeweza kuwafikia walioviweka viungo, Oktoba 2012 Google ilitoa chombo cha kuorodhesha viungo anavyovikana.

Lakini kuondolewa adhabu si kurejeshewa cheo cha zamani. Kura zilizonunuliwa zikishafutwa, tovuti hubaki na zile tu ilizozistahili.

Malalamiko ya magazeti

Wapo wanaohoji uadilifu wa mpango huu. Google inauza matangazo, na papo hapo ndiyo inayoamua ni tangazo gani la mwingine linalokubalika. Magazeti, ambayo mapato yake ya matangazo yamehamia mtandaoni, yanalalamika kwamba yananyimwa hata kidogo kilichosalia.

Mzozo huo ulipamba moto baada ya Machi 2024, Google ilipotangaza kanuni dhidi ya kile ilichokiita matumizi mabaya ya sifa ya tovuti. Utekelezaji ulianza Mei. Kanuni hiyo inalenga tovuti zenye jina zinazokodisha sehemu ya kurasa zao kwa wafanyabiashara wanaotaka kupanda juu kwa kutegemea jina hilo. Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilifungua uchunguzi kuhusu namna kanuni hiyo inavyowagusa wachapishaji wa habari. Google hujitetea kwamba bila ulinzi huo, mtafutaji atauziwa uongo.

Barua-pepe ya asubuhi

Jambo hili si la Ulaya na Marekani pekee. Sisi tulio katika vyumba vya habari twazifahamu barua-pepe zinazoingia karibu kila wiki. Mtu asiyejulikana husifu tovuti, kisha huomba kuchapisha 'makala ya mgeni' bila gharama, au hutaja malipo ya dola kadhaa. Makala huja imeandikwa tayari. Ndani yake mna kiungo kimoja au viwili, mara nyingi vya kampuni za kamari au mikopo, na sharti moja: kiungo kisitiwe alama, na makala isiitwe tangazo.

Sharti hilo ndilo la kuchunguzwa. Mtangazaji wa kweli hutaka wasomaji, wala haoni haya tangazo lake kuitwa tangazo. Anayesisitiza lifichwe hanunui nafasi katika ukurasa. Ananunua jina la gazeti, na akikamatwa, jina litakaloumia si lake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mwenye tovuti ndogo ya Kiswahili, ambayo wengi wa wasomaji wake huifikia kupitia Google, dola hizo kadhaa zaweza kugharimu miaka ya kazi. Afadhali tangazo lililoandikwa 'tangazo' juu yake, lenye kiungo kilichotiwa alama na risiti iliyo wazi.