Mbuzi wa Dhamana

Kwa sisi wa kijiji cha Masieda, kukamatwa kulikuwa habari ya kodi. Polisi tuliwaona kwa nadra. Waliotufuata nyumbani ni mgambo. Kodi ya maendeleo ilipoanza kudaiwa mwaka 1984, walikuja alfajiri, ng'ombe bado wamo zizini, wakauliza risiti. Waliowahi kusikia mbwa wakibweka walikwisha kushukia Bonde la Yaeda, wakarudi giza likiingia. Mimi sikukimbia, maana nililipa. Tatizo risiti niliificha kwenye kibuyu cha mbegu za maharage, na panya hawajui kusoma. Nikalala kwenye stoo ya ofisi pamoja na mbuzi aliyekamatwa badala ya mwenye mji. Hadi leo sijui yule mbuzi alidhaminiwa na nani.

Asubuhi mke wangu aliuza kuku watatu, akalipa mara ya pili, tukaenda zetu. Hakuna aliyeuliza nimewekwa ndani kwa sheria ipi. Hapo ndipo tulipoharibikia. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, lakini kijana akishikwa, baba yake bado anafungua zizi kwanza.

Mimi nilizinduka nilipokuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, hizi zilizoshika nafasi ya mabaraza ya machifu kwa sheria ya mwaka 1963. Huko nikasikia kwamba dhamana hailipiwi. Nikasikia pia kuwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inahesabu saa: nne za kumhoji mtuhumiwa, ingawa zinaweza kuongezwa, na kama hafikishwi mahakamani ndani ya 24, kwa kosa lisilo zito, aachiwe kwa dhamana. Hata mkuu wa wilaya akiamuru mtu ashikiliwe, mwisho ni saa 48, na sababu aziandike. Saa hizo kwetu huliwa na barabara, hasa masika.

Kwa hiyo mtu akinijia usiku, ndugu yake ameshikwa, namuuliza: yuko kituo gani? Ameambiwa kosa gani? Asitie dole gumba kwenye maelezo ambayo hajasomewa. Kisha barua ya mwenyekiti wa kijiji, wadhamini wawili wenye vitambulisho, na nauli.

Juzi jirani alikuja akikokota beberu. "Aako, mzee wangu, mwanangu wamemchukua." Nikamwambia arudishe mnyama, afuate barua. Kulipokucha nilimwona njiani: barua mfukoni, kamba ya beberu mkononi.