Mbao za Ukuta wa Mount Vernon

Katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, ukingoni mwa mto Potomac, ipo nyumba iitwayo Mount Vernon, iliyokuwa makao ya George Washington, Rais wa kwanza wa nchi hiyo. Aionaye kwa mbali huidhani kuwa ni nyumba ya mawe ya kuchonga. Akiikaribia na kuigusa kwa mkono ndipo ajuapo ya kuwa ni nyumba ya mbao, na kwamba mawe yale ni ustadi wa seremala na mpaka rangi. Habari za mbao hizo, jinsi zilivyotengenezwa, jinsi zinavyooza na jinsi inavyopasa kuzibadili, zina mafunzo kwa kila jamaa iliyorithi jengo kutoka kwa wazee wake.

Nyumba ya kwanza mahali hapo ilijengwa mwaka 1734 na Augustine Washington, baba yake George. Ilikuwa nyumba ndogo. Mwaka 1758 George aliiongeza kimo, na mwaka 1774 akaanza kuipanua tena, kazi ambayo haikumalizika ila mwaka 1787, kwa kuwa vita vya uhuru viliingia kati. Katika matengenezo ya 1758 ndipo kuta zilipovikwa mbao nene za msonobari, zilizokatwa mifuo na kuchongwa kingo zake mshazari, hata kila ubao ukaonekana kama safu ya mawe yaliyopangwa. Kisha zikapakwa rangi nzito, na kabla rangi haijakauka zikarushiwa mchanga.

Washington mwenyewe aliieleza kazi hiyo katika barua aliyomwandikia William Thornton mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufa kwake. Alisema kuwa mchanga una faida mbili: huzidisha maisha ya ubao, na huupa sura ya jiwe. Kwa kuwa mchanga mweupe safi ni adimu, yeye alitumia jiwe laini lililotwangwa na kuchekechwa, vumbi lake likapeperushwa kwa upepo mwanana. Chembe hizo hurushwa juu ya rangi ya mwisho mpaka zisiweze kushika tena.

Lakini mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya nani? Wako mafundi walioajiriwa kwa ujira, na wako watumwa ambao hawakuwa na ujira wala hiari. Washington alipofariki, shambani Mount Vernon walikuwamo watumwa 317, baadhi yao wakiwa maseremala. Mmoja wao alikuwa Sambo Anderson, mzaliwa wa Afrika, ambaye alipata uhuru wake mwaka 1801. Mwaka 1835, akiwa mtu huru, alirudi pamoja na wenzake kutengeneza uwanja wa kaburi la yule aliyekuwa bwana wao. Na katika orodha ya kodi ya mwaka 1774 yameandikwa majina ya wanawake wawili, Fatimer na Fatimer Mdogo. Msomaji Mwislamu hahitaji kuambiwa jina hilo lafanana na jina gani.

Ipo na barua nyingine ya kukumbukwa. Tarehe 24 Machi, 1784, Washington alimwandikia Tench Tilghman amtafutie seremala na mwashi. Alisema kwamba wakiwa mafundi wema, haidhuru watoke Asia, Afrika au Ulaya. Wawe Waislamu, Mayahudi, Wakristo wa madhehebu yoyote, au hata watu wasio na dini. Maneno hayo ni ya uungwana, na anayestahili sifa apewe sifa yake. Hata hivyo, wakati wino wa barua ile ulipokuwa ukikauka, Waafrika walikuwa tayari wakifanya kazi katika shamba lile lile, na hakuna aliyewauliza kama waliitaka. Historia ya kweli hutaja mambo yote mawili.

Baada ya Washington nyumba ilidhoofika. Warithi wake hawakuwa na mali ya kuitunza, na mwaka 1853 bibi mmoja aliyepita mtoni kwa meli aliiona katika hali ya kusikitisha. Alimwandikia binti yake, Ann Pamela Cunningham, naye akawakusanya wanawake wa majimbo mbalimbali katika chama. Mwaka 1858 chama hicho kiliafikiana kuinunua nyumba pamoja na eka 200 kwa dola 200,000, na mwaka 1860 kikaishika rasmi. Mpaka leo ndicho kinachoitunza, na mwaka 2023 kilianza kazi kubwa ya kuimarisha misingi na mihimili yake.

Sasa tufike kwenye mbao zenyewe. Adui wa ubao wa ukuta ni maji. Hayaingii usoni mwake kwa urahisi, bali huingia kwenye ncha, mahali ubao mmoja unapokutana na mwenziwe, na kwenye matundu ya misumari iliyoshika kutu. Rangi ikipasuka maji hupenya. Yakishapenya hayatoki upesi, na ukungu huanza kuila mbao kwa ndani huku uso wake ungali mzima. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutafuta kwanza maji yatokako: paa livujalo, mfereji ulioziba, au udongo uliorundikana ukutani. Akibadili ubao na kuyaacha maji, amefanya kazi ya bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapo ndipo watu hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza hung'oa mbao zote, nzima na mbovu, wakisema kuwa mpya ni bora. Wa pili huzifunika mbao kuukuu kwa bati za alumini au plastiki, nyumba ikapendeza kwa nje na kuoza kwa ndani pasipo mtu kujua. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani mwaka 1977 wakataza haraka ya namna hiyo. Wasema kuwa kilichochakaa kitengenezwe kabla ya kufikiriwa kubadilishwa. Na ikiwa hapana budi kubadilishwa, kipya kilingane na cha kale kwa umbo, rangi na sura, na iwezekanapo kiwe cha asili ile ile.

Sababu yake si mapenzi ya vitu vya kale tu. Msonobari wa zamani ulikua polepole katika misitu mikubwa, ukawa mgumu na wenye utomvu mwingi. Wa siku hizi hukuzwa upesi na huoza upesi. Basi ncha iliyooza hukatwa, kikaungwa kipande cha kiini cha mti wa aina ile ile, na ubao uliobaki huachwa mahali pake. Mafundi waangalifu huandika mwaka nyuma ya kipande kipya, ili wajao wasidanganyike wakakidhani cha kale.

Na iko sababu kubwa zaidi. Mtumwa seremala hakuandika kitabu, wala jina lake halikuchongwa mlangoni. Alama ya randa yake juu ya ubao ndiyo hati yake. Ubao ule ukitupwa jaani pasipo haja, ushahidi wake umepotea nao. Kwa hiyo kila jamaa iliyoachiwa nyumba, madrasa au msikiti wa wazee, kabla ya kuinua nyundo, na ijiulize kwanza ni kipi kilichooza kweli, na ni kipi ambacho bado kina nguvu za kusimama.