Mali Bila Daftari

Ilikuwa Jumapili, saa 2:15 usiku, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nilikuwa namtumia mdogo wangu ada ya mtihani kwa simu. Mwisho wa kulipa ulikuwa kesho yake asubuhi. Ndiyo tabia yetu ya kusubiri dakika ya mwisho. Nikaweka namba ya siri, nikabonyeza, salio langu likapungua. Nikasubiri ujumbe wa uthibitisho. Kimya. Baada ya dakika kumi mdogo wangu akapiga: "Dada, haijaingia." Nikampigia mhudumu wa kampuni. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo lile lile mara mia jioni hiyo: "Vuta subira, dada yangu. Mfumo umezimika ghafla. Ukirudi, utakumbuka."

Utakumbuka. Nililala na neno hilo. Hela imetoka kwangu na haijafika kwake, sasa iko wapi? Na mashine iliyozimika katikati ya kazi inakumbukaje ilikuwa imefikia wapi? Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma historia ya swali hili, na nimekuta kwamba kwa sehemu kubwa ni historia ya uandishi: nani aandike, aandike lini, na ukurasa ukichanika tufanye nini. Ndiyo maana naileta kwenu wasomaji wa vitabu, maana mafundi wao wanayo tayari.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mangi wa mtaani kwetu anaishi kwa methali hiyo. Ukitaka sukari ya mkopo, hakupi mpaka kwanza aandike jina lako, kilo ngapi, shilingi ngapi. Akishaandika ndipo anapima. Angeweza kupima kwanza, lakini anajua kwamba akiitwa nje katikati ya kazi, mkewe atakayekuja kukaa kaunta atalifungua daftari na kuona deni. Likiandikwa na sukari haijatoka, kosa linarekebishika. Sukari ikitoka na halijaandikwa, imekwenda.

Kompyuta ina shida ile ile. Ina kumbukumbu ya muda, nyepesi sana, ila umeme ukikatika inafutika yote. Ina diski, nzito kidogo, ila inatunza. Ili kazi iende haraka, hifadhidata hubadilisha hesabu kwenye kumbukumbu ya muda, halafu huzihamishia diski baadaye, kwa nafasi yake. Hatari iko kwenye hiyo "baadaye". Dawa yake ni kanuni ya Mangi: andika kabla ya kutenda. Badiliko lolote, kabla halijafika mahali pake pa kudumu, sharti liwe limeandikwa kwenye daftari lililoko kwenye diski, na mteja asiambiwe "tayari" mpaka maandishi hayo yawe salama. Wanaprogramu huliita daftari hilo logi, na jina hilo limetoka baharini. Mabaharia wa Ulaya walikuwa wakitupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba yenye mafundo, wanahesabu mafundo yanayopita mkononi ili kujua mwendo wa merikebu, kisha wanauandika. Daftari la safari likarithi jina la gogo.

Mtu aliyeieleza kanuni hiyo katika maandishi yanayosomwa mpaka leo ni Jim Gray, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1944. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi kwenye maabara ya IBM huko San Jose, katika mradi wa hifadhidata ulioitwa System R. Mwaka 1978 alichapisha maelezo marefu kuhusu namna ya kuiendesha hifadhidata isipoteze kitu hata ikianguka. Mwaka 1998 akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta, kwa kazi yake juu ya miamala. Neno hilo tunalisoma kwenye simu zetu kila siku bila kujua nani aliyelifanyia kazi.

Lakini kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma: mashine imewaka upya, inalifungua daftari, ianzie wapi? Jibu lililoenea kuliko yote lilichapishwa mwaka 1992 na C. Mohan, Mhindi aliyesomea uhandisi Madras, pamoja na wenzake wanne wa IBM. Waliuita utaratibu wao ARIES. Unapita daftarini mara tatu. Kwanza unachunguza: wakati wa kuanguka, miamala ipi ilikuwa imekamilika na ipi ilikuwa njiani? Pili unarudia yote yaliyoandikwa ambayo hayakuwahi kufika diski, hata ya miamala ambayo haikukamilika. Tatu unatengua ile isiyokamilika.

Mara ya kwanza kusoma hatua ya pili nilishangaa. Kwa nini urudie kitu unachojua utakitengua? Wenyewe wanaita kurudia historia. Huwezi kurekebisha hali usiyoijua. Inabidi kwanza uifikishe hali mahali ilipokuwa dakika ile ya ajali, pamoja na makosa yake, ndipo uanze kusafisha. Na kila unachotengua nacho unakiandika, ili ukianguka tena katikati ya kutengua usije ukatengua mara mbili. Katika daftari hili hakuna ufutio. Hata kufuta ni mstari mpya.

Hapo tunazungumzia mashine moja. Hela yangu ilihitaji zaidi ya moja: hesabu yangu inaweza kuwa kwenye seva hii, ya mdogo wangu kwenye ile. Wote wawili wakubali au wote wakatae. Gray aliufananisha mpango huo na ndoa. Padri anamuuliza bwana harusi, anamuuliza bibi harusi. Wote wakisema ndiyo, anatangaza, na hakuna kurudi nyuma. Sasa fikiria bibi harusi amesema ndiyo, halafu padri akazimia kabla ya kutangaza. Je, ameolewa? Hawezi kuondoka, maana ameshatoa neno lake. Hawezi kwenda fungate, maana hakuna aliyetangaza. Anakaa pale pale madhabahuni akisubiri padri azinduke. Huo ndio msamaha niliompa mhudumu wangu nilipousoma mfano huu: yawezekana usiku ule hela yangu ilikuwa madhabahuni.

Ili kila kitu kisimtegemee padri mmoja, wataalamu walitafuta namna ya kugawa daftari lenyewe, nakala kadhaa kwa watunzaji kadhaa. Hapa anaingia Leslie Lamport, na hapa watu wa fasihi mtafurahi. Mwaka 1990 Lamport alipeleka kwa jarida la kitaaluma makala iliyoandikwa kama hadithi. Alijifanya mwanaakiolojia anayeeleza bunge la kale la kisiwa cha Paxos, Ugiriki, ambako wabunge walikuwa wafanyabiashara wasiokaa ukumbini, wanatoka na kuingia watakavyo. Kila mbunge alikuwa na daftari lake na wino usiofutika, na humo aliandika sheria kwa namba zake. Makala ilionyesha jinsi madaftari hayo yanavyoweza kutopingana kamwe, hata wajumbe wakichelewa na wabunge wakipotea. Wasomaji wa jarida wakasema kazi si mbaya, ila mambo ya kisiwa yaondolewe. Lamport akaona watu hawa hawana ucheshi hata kidogo, akaiacha makala. Ilichapishwa mwaka 1998, kisiwa kikiwa ndani, ikitambulishwa kwa utani kwamba ilikuwa imeokotwa nyuma ya kabati la ofisi ya mhariri.

Siri ya kisiwa ni hesabu ya darasa la tatu. Kati ya watunzaji 5, chukua wowote 3 leo na wowote 3 kesho: lazima awepo mmoja aliyehudhuria siku zote mbili. Huyo ndiye shahidi. Kwa hiyo jambo likishaandikwa na wengi, hakuna kikao cha wengi kitakachokaa baadaye bila mtu mmoja anayelikumbuka. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu mwepesi zaidi kueleweka, wakauita Raft, yaani chelezo. Chelezo hutengenezwa kwa magogo, na kwa chelezo unaweza kutoroka kisiwani Paxos.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Wengi wape, tunasema. Lakini shahidi akisahau?

Chukua seva 3, tuziite Asha, Bakari na Chausiku. Muamala wangu umeandikwa kwa Asha na Bakari. Chausiku alikuwa nyuma, hajaupata. Wawili kati ya watatu ni wengi, kwa hiyo nimeshaambiwa "tayari". Kisha Asha anazimika. Anapowaka na kulisoma daftari lake, anakuta ukurasa wa muamala wangu hausomeki. Atafanya nini? Programu nyingi zilikuwa na jibu moja: ukurasa usiosomeka ni ukurasa ambao haukumalizika kuandikwa umeme ulipokatika, basi kata hapo, tupa na yote yanayofuata. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Ukurasa wa mwisho kabisa, ulioishia katikati ya sentensi, hakuna aliyekuwa ameahidiwa kitu juu yake. Lakini diski pia huharibika yenyewe. Ukurasa uliokamilika, ulioshuhudiwa, unaweza kuoza baadaye. Asha akiukata huo, Bakari akiwa hapatikani kwa dakika chache, Asha na Chausiku wanakaa kikao, ni wengi, wanachagua kiongozi na kuendelea. Bakari anarudi na daftari lake zima. Wanamwambia: hili lako halilingani na letu, futa. Naye anafuta. Aliyekuwa anakumbuka peke yake ameamriwa asahau, na kila kanuni imefuatwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Ramnatthan Alagappan na wenzake, walionyesha kwamba njia zilizozoeleka za kujirekebisha zinaweza kupoteza data namna hiyo. Dawa yao inaanza na kutofautisha. Pembeni ya kila ukurasa iwekwe alama ndogo, mahali pengine, kuthibitisha kwamba ukurasa ulikamilika. Alama haipo? Basi ni ajali ya umeme, kata bila wasiwasi. Alama ipo na ukurasa hausomeki? Basi umeharibika. Usikate. Sema kwamba hapa palikuwa na kitu, mimi sikisomi, nani mwenzangu anacho? 

Kazi yangu ni kuuliza watu kilichotokea, na tofauti hiyo naijua. Kuna mtu anayekwambia "halikutokea", na kuna anayekwambia "sikumbuki". Wa pili anakusumbua, anakuchelewesha, anakulazimisha umtafute mwingine. Wa kwanza anakupa habari leo leo. Nimewahi kuchapa habari ya wa kwanza, na ikabidi nirudi kwa wa pili kuomba radhi.

Mwaka huo huo wa 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua jingine. Kwa takriban miaka 20 programu yao ilikuwa ikiuambia mfumo endeshi, "hakikisha haya yamefika diski". Ukishindwa, iliomba tena. Kumbe kwenye Linux mara ya pili jibu lingeweza kuja "yamefika", wakati hayakufika: kosa lilikuwa limeripotiwa mara moja, likasahauliwa. Marekebisho yao yalitoka mwaka 2019. Sasa diski ikikataa mara moja tu, hifadhidata haijaribu tena. Inajizima yenyewe kwa makusudi, inawaka, na kuanza kulisoma daftari upya. Ni afadhali kuanguka ukajua ulipo kuliko kuendelea kwa kuambiwa.

Jim Gray hakuyaona hayo. Tarehe 28 Januari 2007 aliondoka San Francisco peke yake kwa mashua yake ya tanga, Tenacious, kwenda visiwa vya Farallon kumwaga majivu ya mama yake baharini. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta kwa siku kadhaa. Marafiki zake wakapata picha za setilaiti, na maelfu ya watu wa kujitolea wakazikagua kipande kwa kipande kwenye kompyuta zao. Halikupatikana hata gogo. Mwaka 2012 mahakama ikamtangaza kuwa amefariki. Mtu aliyeifundisha dunia kuandika kabla ya kutenda, safari yake ya mwisho haina daftari tunaloweza kulisoma. Wiki chache baada ya kupotea kwake, Machi 2007, huduma ya kutuma pesa kwa simu ilizinduliwa Kenya, na miamala ikawa mambo ya mama ntilie na bodaboda.

Jumatatu ile simu yangu iliita ujumbe saa 10 alfajiri. Muamala umekamilika. Nikaamka kitandani kuusoma vizuri. Saa iliyoandikwa haikuwa ya alfajiri. Ilikuwa 2:15 usiku, tarehe ya jana, kama vile hakuna kilichotokea katikati. Mahali fulani mashine ilikuwa imewaka, ikafungua daftari na kurudia historia.

Mdogo wangu alilipa ada saa 2 asubuhi. Mimi namba ya ule muamala nimeinakili kwa kalamu kwenye daftari langu la kazi, ukurasa wa nyuma. Na siku hizi, kabla sijabonyeza kutuma, naandika kwanza.